Miguu Yasifiwa, Mikono Yasahauliwa

Ninayo karatasi moja niliyoihifadhi tangu mwezi Juni mwaka 1999. Ni ratiba ya tamasha la wazazi katika shule moja ya Brooklyn, jijini New York, ambako binti yangu alikuwa akisoma. Ndani yake yameorodheshwa majina ya watoto walioimba kwaya, waliokariri mashairi na waliocheza ngoma. Chini kabisa limetajwa onyesho la kuruka kamba mbili, na mbele yake liko jina la msichana mmoja tu, yule aliyeruka. Binti yangu, wakati huo mwenye umri wa miaka kumi, alikuwa mmoja wa wawili waliozungusha kamba hizo. Alisimama jukwaani dakika mbili nzima, mikono ikienda kama cherehani, mpaka mwenzake alipotoka salama na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Usiku ule aliisoma karatasi mbele na nyuma, kisha akaniuliza, "Mama, kwani mimi sikuwapo?"

Nilimwambia kuwa waliochapa walikosea, nami nilijua kwamba sisemi kweli. Hawakukosea. Waliandika walichokiona. Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na filamu, wimbo au kitabu kinachouhusu mchezo ule, hukipima kwa swali la mtoto yule. Kurasa hizi ni taarifa ya niliyoyaona.

Kwanza nimweleze msomaji mchezo wenyewe, maana nilikokulia mimi haukuwapo. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga tuliruka kamba moja. Ilikuwa kamba ya katani, nzito, yenye kuchoma viganja. Wawili walishika ncha, wa tatu akaingia, na wengine tukasubiri zamu tukiimba. Wasichana weusi wa New York na miji mingine mikubwa ya Marekani huzungusha kamba mbili kwa pamoja, moja kwa kila mkono, zikizunguka kuelekeana. Moja inapokuwa juu, nyingine iko chini. Miguu ya mrukaji lazima iinuke mara mbili pale ambapo yetu iliinuka mara moja, na mwanya wa kuingilia ni mdogo kama mlango ufungwao kabla haujafunguka sawasawa.

Mchezo huo huitwa Double Dutch. Wako wanaosema kwamba jina limetokana na walowezi wa Kiholanzi walioishi New York karne nyingi zilizopita, ingawa hadithi hiyo husimuliwa zaidi kuliko inavyothibitishwa. Kwa wazee wetu, Mdachi alikuwa Mjerumani. Na kamba zetu nazo zilikuwa na Mdachi wao, kwani mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche yake ilitoka Florida, Marekani hiyo hiyo. Kwa hiyo nilipofika Brooklyn mwaka 1994, nikiwa na mtoto wa miaka mitano na sanduku moja, nilijiona mjuzi wa kamba. Nilisema moyoni, kama kuna jambo ambalo watoto wa hapa hawatanifundisha, ni hili.

Tulipanga chumba katika mtaa wa Bedford-Stuyvesant. Mchana nilimwangalia bibi mmoja mgonjwa nyumbani kwake. Usiku nilisafisha ofisi. Majira ya joto yalipofika, wasichana wa jirani walitoa nje kamba ya kuanikia nguo, wakaikata vipande viwili, na kando ya barabara pakageuka kiwanja. Binti yangu alikaa kwenye ngazi akitazama. Majira ya pili alikuwa bado anatazama. Nilipomuuliza kwa nini haingii, alinieleza sheria ya pale: asiyejua kuzungusha haruki. Anayetaka zamu lazima kwanza ashike kamba kwa ajili ya wenzake, na anayeshika vibaya hupoteza haki yake. Walikuwa na jina la mtu wa namna hiyo. Walisema ana mikono miwili. Nilicheka, nikamwambia kuwa sote tuna mikono miwili. Hakucheka. Baadaye nililielewa jina hilo hivi: mikono ya mzungushaji mzuri hufanya kazi kama mkono mmoja, lakini ya huyu kila mmoja unakwenda na lake.

Jumamosi moja nilishuka kwenda kuonyesha ujuzi wangu wa Tanga. Walinipa ncha mbili kwa heshima, kama mgeni anavyopewa kiti. Haikupita nusu dakika kamba zikagongana, zikasokotana, zikaanguka. Walinipa tena. Mara ya tatu msichana mmoja mdogo alizichukua mikononi mwangu taratibu, akasema, "Asante, mama." Binti yangu aliinamisha uso. Nimewahi kuaibika mara nyingi ugenini, kwa lafudhi yangu na kwa kutojua kutumia tiketi ya treni, lakini ile ya kamba iliniuma zaidi kwa sababu iliangukia mwanangu.

Aliyeniokoa ni yule bibi niliyemwangalia. Alikuwa ameruka kamba katika mtaa uleule akiwa mtoto, na ingawa miguu yake ilikuwa imeshakataa kazi, mikono ilikumbuka yote. Alinituma kununua kamba. Ncha mbili tukazifunga kwenye kitasa cha mlango, mbili nikazishika mimi, naye akakaa kwenye kiti chake akinisahihisha. Viwiko viwe karibu na mbavu. Duara zote mbili ziwe na ukubwa mmoja. Mkono wa kushoto uanze pale wa kulia unapofika nusu ya safari. Na kubwa kuliko yote, niache kuzitazama kamba. Alisema kamba hazitazamwi, husikilizwa. Zikigonga sakafu kwa nafasi sawa, zinakwenda vizuri. Zikisikika kama mtu anayechechemea, moja imechelewa, na macho hayawezi kukuambia ni ipi kabla haijamnasa mtu.

Ilinichukua wiki tatu. Nilimfundisha binti yangu usiku jikoni, nikirudi kazini, mpaka majirani wa chini wakagonga dari kwa fimbo. Alijifunza haraka kuliko mimi. Alipokubaliwa barabarani ndipo nilipoanza kuona kazi ya mzungushaji ilivyo. Hasimami tu kama nguzo ya kuanikia. Humtazama mrukaji kifuani na mabegani, akajua lini anataka kuongeza mwendo na lini pumzi inamwishia. Akichoka, kamba hupunguzwa kasi bila yeye kuomba. Akirudi nyuma hatua moja, wazungushaji wote wawili husogea naye, ili kamba iguse chini pale alipo. Kuna wakati nilimwona binti yangu akiokoa mguu uliokwisha kukosea, kwa kuinua kiganja kidogo tu, na aliyeokolewa hakujua.

Mwishowe nami niliruka. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimefunga khanga juu ya suruali, na mzungushaji mmoja alikuwa mwanangu. Nilisimama karibu na bega lake nikafumba macho, kama bibi alivyonielekeza. Kamba iliyo karibu ilipogonga na kuinuka, ikanipa mgongo, niliingia. Niliruka mara saba. Najua ni saba kwa sababu pale kando alikuwako mtoto aliyekuwa akihesabu kwa sauti. Wote walinishangilia mimi, nami nikapokea sifa zile kana kwamba zilikuwa zangu. Ndiyo maana siwezi kuwalaumu sana waliochapa ratiba ya shule.

Sasa niyageukie maandishi na picha.

Mwaka 1973 askari wapelelezi wawili wa New York, David Walker na Ulysses Williams, waliamua kuufanya mchezo huu wa barabarani uwe wa mashindano. Tarehe 14 Februari 1974 yalifanyika mashindano ya kwanza, na wanafunzi karibu 600 walishiriki. Sina budi kulisifu jambo hilo, kwani wakati ule wasichana wa mitaa ile walikuwa na nafasi chache mno za kushindana katika mchezo wowote. Mbegu ile iliota: timu za Japani zimevuka bahari kuja kushindana Harlem na kushinda, na mwaka 2009 jiji la New York liliuingiza mchezo huu katika michezo rasmi ya shule zake za sekondari. Hata hivyo, tazama kinachohesabiwa. Katika shindano la kasi, kwa muda wa dakika mbili, waamuzi huhesabu mara ambazo mguu wa kushoto wa mrukaji unagusa chini. Mguu mmoja wa mtu mmoja unabeba alama ya timu nzima. Ni kipimo rahisi na cha haki kwa namna yake. Lakini chochote kinachochaguliwa kuhesabiwa ndicho watu watakachojifunza kukiona.

Mwaka 1981 Skip Blumberg alitengeneza filamu fupi ya kweli kuhusu mashindano hayo, iitwayo Pick Up Your Feet. Naipenda, kwa sababu inawachukulia wasichana wale kuwa wanamichezo wenye shughuli nzito. Lakini hata jina lake linamwagiza mtu ainue miguu. Sisemi kwamba mtengenezaji alikusudia kuwasahau wengine. Jicho la kamera, kama jicho la ukumbi wowote, huvutwa na kinachorukaruka. Mikono inayozunguka sawasawa haina habari. Huwa habari inapokosea. Mtu akitaka kuwaona wazungushaji katika picha yoyote ya mchezo huu inampasa akusudie, azibe katikati ya picha kwa kiganja na kutazama pembeni. Nimefanya hivyo, na ninamshauri msomaji afanye. Ataona nyuso zenye umakini wa fundi.

Mwaka 1983 Mwingereza Malcolm McLaren alitoa wimbo uitwao Double Dutch, uliomo katika santuri yake Duck Rock. Ulifika nafasi ya tatu katika chati za Uingereza. Mimi niliusikia miaka mingi baadaye, usiku, katika redio ya ofisi niliyokuwa nikisafisha, nikaacha ufagio. Gitaa lile lilikuwa la kwetu, la Kiafrika, na wimbo ulikuwa unawataja wasichana wa New York kwa majina ya timu zao! Nilifurahi mno. Furaha ilipungua nilipojifunza kwamba muziki ule ulitokana na Puleng, kazi ya Boyoyo Boys wa Afrika Kusini, na kwamba hawakutajwa kuwa wenyewe. Madai yalichukua muda, yakaisha nje ya mahakama kwa malipo, lakini McLaren na mwenzake Trevor Horn wakaendelea kuandikwa kuwa watunzi. Kama kuna kitu kinachofanana na ile ratiba ya shule, ni hiki. Waliozungusha muziki hawamo katika karatasi. Bado nausikiliza wimbo huo na bado mguu wangu hucheza, na sioni unafiki katika hilo. Ila sasa ninapousikiliza nayataja moyoni majina ambayo jalada halikuyataja.

Filamu ya Jump In! ilioneshwa na Disney Channel mwaka 2007. Inamhusu kijana bondia wa Brooklyn anayejiunga na timu ya wasichana wa kamba mbili, huku baba yake akitaka abaki kwenye masumbwi. Ina ucheshi, na ina funzo zuri kwa wavulana wanaoogopa kuchekwa. Tuliitazama pamoja, mimi na binti yangu. Yeye alilalamikia jambo ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: kwamba mchezo uliotunzwa na wasichana kwa miaka mingi, ulipopata filamu kubwa, ulipewa mvulana wa kuubeba. Langu lilikuwa lilelile la zamani. Katika filamu ile kamba zipo kama samani zilivyo chumbani. Watu wanaingia na kutoka, nazo zinazunguka. Ugumu wote umewekwa kwenye kuruka na kwenye moyo wa kijana, na mtazamaji anaweza kufika mwisho akiamini kwamba kuzungusha ni kazi ya yeyote aliye karibu.

Nimebakiza kilicho bora. Mwaka 2006 mwanamuziki na msomi Kyra Gaunt alichapisha kitabu The Games Black Girls Play, kilichopata tuzo ya Alan Merriam mwaka uliofuata. Hoja yake ni kwamba michezo ya wasichana weusi, ya kupigiana makofi na ya kamba, ni shule ya muziki: humo mtoto hufundishwa mapigo, kupokezana sauti na kucheza kwa mwili, muda mrefu kabla hajakutana na mwalimu. Anaonyesha pia jinsi wanamuziki wa kiume walivyochota humo, kama Nelly katika Country Grammar ya mwaka 2000, iliyojengwa juu ya wimbo wa mchezo wa wasichana. Nilipokisoma nilimkumbuka bibi wangu na agizo lake la kusikiliza. Hatimaye mtu alikuwa ameweka sikio mahali pa jicho, na sikio likishatangulia, mzungushaji anaonekana, kwa maana yeye ndiye ngoma. Kama nina neno la kuongeza, ni kwamba ningetamani kurasa nyingi zaidi juu ya mikono hiyo. Lakini hilo ni ombi la msomaji aliyeshiba, anayeomba kuongezwa.

Najua pingamizi litakalotolewa, na si pingamizi la kipuuzi. Mrukaji ndiye anayejihatarisha. Kamba ikimnasa, ataanguka yeye, na zamu itakayopotea ni yake. Je, si haki basi kwamba sifa nazo ziwe zake? Nimelifikiria hilo kwa miaka, na jibu nililipata palepale barabarani. Kamba ilipomnasa mtu, mchezo ulisimama na kesi ikasikilizwa. Nani amekosa, mguu au mkono? Kila mtu alitoa ushahidi. Wengine walisema kamba ya kulia ilikuwa fupi, wengine kwamba mrukaji alisinzia. Ikithibitika kuwa mkono ndio uliokosa, mrukaji alirudishiwa zamu yake, na mzungushaji akaonywa au akaondolewa. Kwa hiyo mzungushaji naye alijihatarisha, tena mbele ya wote, kwa kila mzunguko. Alipokuwa hodari, sifa zake zilivuka mtaa. Watoto walitembea mbali kuja kumwomba aje awazungushie.

Kwa maoni yangu wale watoto walikuwa wahakiki bora kuliko waliokuja baadaye na kamera, santuri na karatasi za alama. Walijua kutenganisha kosa la huyu na la yule, kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshika pande zote mbili. Sheria yao, kwamba asiyezungusha haruki, niliyoiona mwanzoni kuwa ya kikatili, ndiyo iliyowapa macho hayo. Mhakiki asiyewahi kushika ncha za kamba atasifu miguu daima. Waswahili wamekwisha kusema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ila tunaikumbuka methali hiyo mbele ya jahazi na kuisahau mbele ya mtoto anayeruka.

Bibi yule alifariki mwaka 2001. Binti yangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake. Majuzi nilipoanza kuandika insha hii niliitoa ile ratiba sandukuni, nikachukua kalamu, na mbele ya onyesho la kamba mbili nikaandika majina mawili yanayokosekana, lake na la mwenzake aliyeshika upande wa pili. Nilijisikia kama mtu aliyelipa deni. Alipokuja kunitembelea nilimwonyesha, nikingoja afurahi.

Aliisoma mbele na nyuma, kama alivyofanya siku ile. Kisha akatabasamu, akasema, "Ahsante, Mama. Ila umemsahau aliyehesabu."

Nilimwuliza jina. Hakulikumbuka mara moja. Tulikaa hadi usiku tukilitafuta.